Kuikokotoa Hesabu ya Forodha Kabla Mzigo Haujafika Tunduma

Mfanyabiashara wa Mwanjelwa au Mafinga anayetaka kuagiza bidhaa kutoka nje kwa mara ya kwanza huanza kwa kuuliza ushuru ni asilimia ngapi. Asilimia hiyo haimsaidii mpaka ajue inatozwa juu ya thamani ipi, bidhaa yake imeainishwa kwa namba gani, na imezalishwa katika nchi ipi. Mambo hayo matatu huthibitishwa kwa karatasi, na wakati wa kuzitafuta ni kabla ya mzigo kupakiwa, si pale lori linapokuwa limeshaingia kwenye foleni ya Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia.

Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya thamani inayoitwa CIF, yaani bei ya kununulia bidhaa ikijumlishwa na bima na gharama ya usafirishaji. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka thamani hiyo ianzie kwenye bei iliyolipwa kweli, lakini ofisa akiwa na sababu ya kuitilia shaka ankara yako anaweza kuiacha na kutumia bei ya bidhaa kama hiyo iliyoingizwa na mtu mwingine. Kwa hiyo ankara pekee haitoshi. Ambatanisha mkataba wa mauzo na uthibitisho wa malipo kutoka benki. Ankara iliyopunguzwa bei kwa makubaliano na muuzaji, ambayo baadhi ya watu huiona kuwa ujanja, humnyima mwagizaji ushahidi siku anapouhitaji.

Namba ya uainishaji ndiyo inayoamua kiwango. Tarakimu 6 za mwanzo hutumika karibu dunia nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza 2 za kwake. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35, ukiacha orodha ya bidhaa nyeti zenye viwango vya juu zaidi. Mahindi kutoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 50, na mchele asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kwa kutegemea kipi ni kikubwa. Mkulima wa Mbarali au Kyela analindwa na kiwango hicho, hata kama hajawahi kukisikia.

Chukua mfano wa bidhaa iliyokamilika yenye CIF ya shilingi 10,000,000, inayotozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na isiyo na ushuru wa bidhaa (excise). Ushuru wa forodha ni shilingi 2,500,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 haitozwi juu ya zile milioni 10, bali juu ya 12,500,000, kwa kuwa ushuru umeshaingia ndani ya thamani. Inakuwa 2,250,000, na jumla ni 4,750,000. Aliyejumlisha 25 na 18 akatenga 4,300,000 atapungukiwa na 450,000 kabla hata ya kulipa ada ya kuchakata nyaraka, tozo ya maendeleo ya reli na malipo ya wakala wa forodha. Viwango hivi hupitiwa kila mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1, na kinachotumika ni kile kilichopo siku nyaraka za kuingiza bidhaa zinapowasilishwa, si siku uliyoagiza.

Sasa chukua bidhaa hiyohiyo ikiwa imezalishwa Zambia au Malawi, ikiambatana na cheti cha uasili (kinachothibitisha nchi ilikozalishwa) cha SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na tuseme imo kwenye orodha ya zilizoondolewa ushuru. Ushuru wa forodha unakuwa sifuri, kodi ya ongezeko la thamani inakuwa 1,800,000, na tofauti ya 2,950,000 imeletwa na karatasi moja. Hapa watu wa mikoa yetu hujikwaa mara mbili. Kwanza, wengine huletewa cheti cha COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ilhali Tanzania ilijitoa katika umoja huo mwaka 2000, hivyo cheti hicho hakimpunguzii mwagizaji wa Mbeya hata shilingi. Pili, bidhaa iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Zambia kwa sababu tu imenunuliwa Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma. Uasili hufuata mahali pa uzalishaji, wala si duka lilipo.

Kwa anayeuza nje hesabu ni nyepesi zaidi. Bidhaa nyingi hazitozwi ushuru wa kutoka, ingawa ngozi ghafi na korosho ghafi hutozwa, na kodi ya ongezeko la thamani kwa mauzo ya nje ni asilimia 0. Muuza parachichi wa Rungwe au Njombe atahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha uasili hupatikana kupitia TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ambayo ina ofisi mikoani. Jambo moja ningelisisitiza kuliko mengine: usikubali mzigo wako uvuke kwa jina la dalali au la mnunuzi. Nyaraka za forodha zikibeba jina la mwingine, huna cha kuonyesha kwamba uliuza nje, na aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani hupoteza msingi wa kudai marejesho.

Usiporidhika na thamani au namba uliyopangiwa, andika ombi la mapitio kwa Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa, ukieleza sababu na kuambatanisha zile karatasi za benki. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na kwa mujibu wa kifungu cha 229 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Forodha, akinyamaza mpaka muda huo upite huhesabiwa kuwa amelikubali ombi lako. Akikataa, bado unazo siku 45 za kukata rufaa, kwa hiyo hakikisha nakala ya ombi inagongwa muhuri na tarehe ya kupokelewa.