Somo: kuipasua 720720 bila kalkuleta

Wakuu, juzi dogo wa hapa home kapewa swali, 720720 ina vigawanyo vingapi, yani namba zinazoigawa bila kubaki kitu. Akaanza kuorodhesha 1, 2, 3, 4... kufika 40 usingizi ukambeba na daftari kifuani. Kikokotoo wekeni pembeni (cha hesabu, siyo kile cha mafao) twende taratibu.

Hatua ya 1. Usikimbilie kugawa, iangalie kwanza. Ni 720 imeandikwa mara mbili, na namba yoyote ya tarakimu tatu ukiirudia hivyo unakuwa umeizidisha kwa 1001. Na 1001 ni 7 × 11 × 13, hii ikariri kabisa itakuokoa sana.

Hatua ya 2. Pasua 720 mpaka zibaki namba tasa tupu: 2×2×2×2×3×3×5. Unganisha na zile za juu:
720720 = 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13

Hatua ya 3. Chukua vipeo tu (vile vinamba vidogo vya juu, isiyo nacho hesabu 1), yani 4, 2, 1, 1, 1, 1, kila kimoja ongeza 1 halafu zidisha: 5×3×2×2×2×2 = 240. Ndo jibu, vigawanyo 240, dogo alikuwa hajafika popote.

Nyongeza: kipeuo cha pili kamili haina, maana vipeo vingine ni witiri. Ila izidishe kwa 5×7×11×13, yani 5005, vyote vinakuwa shufwa na kipeuo kinatoka 60060.

MASWALI

– Mkuu hapo kwenye kuongeza 1 umeniacha solemba.
Ukiunda kigawanyo unachagua ile 2 uiweke mara ngapi: moja, mbili, tatu, nne, au usiweke kabisa. Hizo njia 5. Hiyo ya kutoweka ndo watu wanaisahau, na ukiacha zote unapata 1.

– Inagawanyika kwa 14, 15 na 16 pia?
Kuanzia 1 mpaka 16 zote zinaingia, na hamna ndogo kuliko hii inayoweza hivyo, ndo KDS (kigawe kidogo cha shirika) yao. 17 inagoma, inabaki 5. Cha ajabu 18 inaingia tena.

– Chini ya milioni ipo yenye vigawanyo zaidi ya 240?
Hamna. Zipo zinazolingana nayo, mfano 831600, ila 720720 ndo ndogo kuliko zote. Namba za aina hii, zenye vigawanyo vingi kuliko kila namba iliyo ndogo kwake, Ramanujan, yule mwanahisabati Mhindi, alizichambua mwaka 1915.

– Mie nimejaribu 721721 nimepata 32, mwenzangu kapata 24, nani yuko sahihi?
Mwenzako. 721 ni 7 × 103, na ndani ya 1001 kuna 7 nyingine, wewe umezihesabu kama namba mbili tofauti. Ziweke pamoja iwe 7², ndo 3×2×2×2.