Kutafuta na kulinganisha vipimo vya saratani ya koo nchini Tanzania

Mtu anayetaka kupimwa koo ajiulize kwanza ni sehemu ipi inayomsumbua, kwa sababu neno hilo moja tunalitumia kwa sehemu tatu zinazochunguzwa kwa namna tofauti: koromeo, lililo nyuma ya kinywa, zoloto, inamotoka sauti, na umio, mrija unaopeleka chakula tumboni. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, uvimbe shingoni usiopungua, au sikio moja linalouma ilhali lenyewe ni zima, ni mambo ya daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Chakula kinapokwama kifuani, kwanza ugali na baadaye hata uji, tafuta hospitali yenye endoskopi, yaani kamera inayopitishwa mdomoni kuangalia ndani ya umio na tumbo. Anayepumua kwa shida au kwa kukoroma akiwa macho asilinganishe chochote, aende idara ya dharura siku hiyo hiyo.

Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kumhakikishia mtu asiye na dalili kwamba koo lake liko salama, kwa hiyo ukiuziwa kifurushi cha namna hiyo maabara, okoa fedha zako. Hatari hukadiriwa kwa maswali: umetumia tumbaku miaka mingapi, ukiwemo ugoro, na pombe kiasi gani, kwani viwili hivyo vikikutana huzidisha hatari kuliko kila kimoja peke yake. Virusi vya HPV, hasa aina ya 16, huhusika na saratani ya koromeo, na mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani ya umio. Mweleze daktari hayo yote bila kuficha.

Anzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya na uombe barua ya rufaa, hasa kama unatumia bima. Hospitali kubwa za kuulizia ni Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, Bugando jijini Mwanza na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Ocean Road ni taasisi ya taifa ya saratani. Kabla ya kupanda basi, piga simu uulize kama bingwa yupo wiki hiyo na kama kamera nyembamba ya kupitisha puani inafanya kazi. Kipimo hicho huchukua dakika chache: unapuliziwa dawa ya ganzi puani, kamera inashuka, kisha unaambiwa utamke "iii" ili daktari aone nyuzi za sauti zikikutana. Kwa endoskopi ya umio utatakiwa kufunga kula kwa saa sita au zaidi.

Watu wengi hulinganisha bei ya kamera tu, na hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu kamera huonyesha uvimbe lakini kinyama kinachokatwa na kusomwa maabara ndicho kinachothibitisha saratani. Uliza basi kama bei uliyotajiwa inajumuisha kukata kinyama na kukisoma, kama msomaji wake yuko hapo hapo au sampuli husafirishwa mji mwingine, na majibu hutoka baada ya siku ngapi. Kipimo cha bei nafuu ambacho majibu yake yanachelewa miezi miwili ni ghali mno kwa mgonjwa wa saratani. Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke mwenyewe, hakikisha kinyama kimezama chote katika fomalini, dawa ya maji inayokihifadhi kisioze, na kwamba jina lako na sehemu kilikotolewa vimeandikwa kwenye kichupa chenyewe, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana.

Maabara hugandisha kinyama ndani ya kipande cha nta, na kipande hicho huhifadhiwa. Ukitaka daktari wa pili asome, omba nta hiyo pamoja na ripoti badala ya kukubali kukatwa upya. Kabla ya kuondoka, andika namba ya sampuli, tarehe ya majibu na simu ya maabara, na siku hiyo ikifika bila kupigiwa, piga wewe.