Kutoa vumbi kwenye sakafu na fanicha za mbao bila kuzikwaruza

Vumbi la ndani linaonekana laini, lakini limechanganyika na chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko vanishi. Ukilisugua likiwa kavu, ni kama umeipiga meza msasa. Kwa hiyo lengo ni kulinasa na kulitoa nje. Brashi ya manyoya hailinasi. Inalirusha tu hewani, na baada ya saa chache limerudi palepale.

Andaa vitambaa vitatu vya maikrofaiba, au fulana kuukuu za pamba zilizokatwa vifungo, zipu na mishono minene. Ongeza brashi ya rangi ya inchi 2 yenye nywele laini, chupa ya kunyunyizia maji, na fagio laini au mashine ya kufyonza vumbi.

Anzia juu, ushuke: feni ya dari (izime kwanza), juu ya makabati, rafu, meza, viti. Sakafu ni ya mwisho.

Fanicha

Nyunyizia maji kitambaa, usinyunyizie mbao. Kibane kiganjani: kikitoa hata tone moja, kimelowa kupita kiasi. Kikunje mara mbili kiwe robo. Kwa kukigeuza na kukikunjua utapata nyuso 8 safi kabla ya kukifua. Futa kwa kufuata nyuzi za mbao, taratibu, bila kukandamiza. Vitu vilivyo juu ya meza vinyanyue, usivisukume, kwani mchanga ulio chini yake ndio unaochora mistari. Malizia na kitambaa kikavu. Ukiona michirizi, basi maji yalizidi au kitambaa kilishachafuka.

Kwenye nakshi na pembe za droo kitambaa husukumia vumbi ndani zaidi. Tumia brashi, na mkono wa pili ushike mdomo wa mashine karibu ili unachokitoa kivutwe hapohapo. Mbao iliyopakwa nta haitaki maji. Ifute kwa kitambaa kikavu kilicho laini sana. Rangi au vanishi inayobanduka iguse kwa brashi tu, maana kitambaa kitanasa vipande na kuving'oa.

Hujui kama kinga ya mbao yako (vanishi, rangi au nta) bado ni nzima? Dondosha tone la maji mahali palipojificha, usubiri dakika chache. Tone likibaki limeviringika juu, kinga bado ipo. Likinywewa na mbao ikawa nyeusi, kinga imechakaa, kwa hiyo unyevu usiufikishe hapo mpaka ipakwe upya.

Dawa za kung'arisha zenye silikoni sizipendekezi. Mng'ao wake ni wa haraka, ila zinaacha utando, na siku fundi akitaka kupaka vanishi mpya, haishiki vizuri. Sakafuni ni hatari zaidi: watu wanateleza.

Sakafu

Subiri kama nusu saa vumbi lililoruka litue. Fagia au fyonza kwa kufuata urefu wa mbao. Kama mashine ina brashi inayozunguka, izime, na kagua magurudumu yake, kwa sababu kijiwe kimoja kilichonasa hapo kinakwaruza chumba kizima.

Kudeki si lazima kila mara. Ukideki, weka kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita 4 za maji, na ukamue dekio kwa nguvu zote. Alama ya unyevu inayoachwa ikauke ndani ya dakika moja au mbili. Ikichelewa, kamua tena. Maji yakipenya kwenye maungio, mbao huvimba na kingo zake huinuka, na mara nyingi hazirudi zilivyokuwa. Mashine za mvuke hudhuru kwa njia hiyohiyo. Siki nayo iache: ni asidi, na ikitumiwa mara kwa mara hufifisha mng'ao. Maji yakianza kuwa meusi, badilisha, la sivyo unapaka tope jembamba.

Weka zulia la kufutia miguu mlangoni, na ubandike vipande vya kitambaa kinene chini ya miguu ya viti. Vipande hivyo navyo hukusanya mchanga, hivyo vikague na uvibadilishe vikichakaa.

Kuna unga mmoja wa kuangalia kwa makini: ule unaofanana na unga wa msumeno, unaorundikana chini ya kiti kilekile kila baada ya kufagia. Tandika karatasi nyeupe hapo kwa siku chache. Unga ukirudi, geuza kiti utafute vitundu vidogo vya mviringo. Mbao inabunguliwa na wadudu, na inahitaji dawa.