Kupima usalama wa chanjo wakati wa janga: anza kabla ya sindano ya kwanza

Chanjo ya janga inapopatikana kwa mwaka mmoja, muda uliookolewa ni ule wa kusubiri fedha, vibali na kiwanda, na awamu za majaribio hupandana. Kumfuatilia mtu aliyechomwa hakuna njia ya mkato. Huku Mwanza, kwenye majaribio ya chanjo ambayo washiriki wengi ni wavuvi, nafanya hivi.

Hatua ya 1: Jua watu wanaugua nini sasa. Pitia madaftari ya zahanati ya miezi 12: degedege, kiharusi, mimba kutoka, vifo vya ghafla. Ukichanja maelfu, wapo watakaougua wiki hiyo hiyo hata ungewachoma maji. Bila hesabu hiyo huna cha kulinganisha, na kijiwe cha mwaloni, wanaposhukia wavuvi, kitakuwa kimeshahukumu.

Hatua ya 2: Panga tarehe kwa mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Choma mbalamwezi inapoanza, ili siku 7 za mwanzo, ambazo maudhi mengi hujitokeza, mshiriki awe nchi kavu na simu yake hewani. Kwa ridhaa yake, chukua na namba ya ndugu.

Hatua ya 3: Dakika 30 kwenye benchi baada ya sindano. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, ikae mezani, siyo kwenye kabati ambalo mwenye ufunguo kaenda kunywa chai.

Hatua ya 4: Andika ulichokiona. Hapa ndipo tunapoharibu. Mshiriki mmoja alivuka na kivuko siku ya pili akitetemeka, nami nikaandika haraka "homa ya chanjo". Kipimo cha malaria kikatoa mistari miwili. Nikataka kufuta niandike "malaria", nalo lingekuwa kosa, kwa sababu mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Sahihi ni: homa, nyuzi 39.1, saa 30 baada ya sindano, malaria chanya. Chanzo kitajadiliwa baadaye.

Hatua ya 5: Tukio zito halilali. Kifo, hali ya kutishia maisha, kulazwa, ulemavu, mtoto kuzaliwa na kasoro: toa taarifa ndani ya saa 24 tangu ujue, hata majibu ya maabara hayajatoka. Usihangaike kujua nani alipata chanjo halisi na nani sindano ya kulinganishia. Kamati huru ya usalama ndiyo inayoweza kufunua hilo.

Hatua ya 6: Usitamke "haina madhara". Ukichanja watu 3,000 na tukio fulani lisitokee kabisa, gawa 3 kwa idadi hiyo: bado huenda linampata mtu 1 kati ya 1,000. Chanjo ya UVIKO-19 ya Janssen ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 40,000, nusu yao wakipewa chanjo yenyewe. Hata hivyo, Aprili 2021 Marekani iliisitisha kwa muda baada ya wanawake 6 kupata damu kuganda kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi karibu milioni 6.8. Julai mwaka huo ikafika Tanzania, zaidi ya dozi milioni moja. Kwa hiyo jaribio likiisha, mwachie mganga wa zahanati fomu za kuripoti madhara za TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na ukae naye ajaze ya kwanza ukiwepo.