Namna ya kuona sumaku ikibadili nishati ya elektroni ndani ya kigae cha CrSBr

Kila ninapompokea mtu mpya maabarani, humwanzisha kwa hesabu hii. Semikondakta nyembamba iliyozoeleka, WSe2 (kiwanja cha tungsteni na seleniamu) ya tabaka moja, ukiiweka ndani ya uga wa sumaku wa tesla 1, mstari wake wa mwanga, yaani kilele katika spektra ya mwanga inaoutoa, hupasuka kwa takribani milielektronivolti (kipimo kidogo cha nishati) 0.2 tu. CrSBr, kiwanja cha kromiamu, salfa na bromini, ikiwa ya matabaka mawili ni habari nyingine kabisa: uga usiozidi tesla 0.2 unatosha kuhamisha nishati ya mwanga wake kwa zaidi ya milielektronivolti 10. Sumaku ni ndogo, badiliko ni kubwa, na ukishaelewa sababu utajua kwa nini ninasisitiza kila ninachosisitiza hapa chini.

Sababu ni kwamba kazi kubwa ya sumaku yako si kuisukuma elektroni yenyewe. Inageuza spini za atomu za kromiamu, yaani visumaku vidogo vilivyomo ndani ya atomu hizo. Ndani ya tabaka moja la CrSBr spini zote huelekea upande mmoja, na zile za tabaka jirani huelekea kinyume. Elektroni ya tabaka la juu inayotaka kuvukia la chini haipati pa kukaa, kwa kuwa nafasi za huko zenye nishati kama yake ni za spini ya kinyume. Geuza tabaka moja lifuate jingine, na njia inafunguka: elektroni inasambaa katika matabaka yote mawili, na nishati ya eksitoni, yaani jozi ya elektroni na tundu iliyoliacha, ambayo ndiyo hutoa mwanga tunaoupima, inashuka. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2021. Kiwanja chenyewe kinajulikana tangu 1990, na bado hunishangaza kwamba kilingoja miaka yote hiyo.

Anza na kubandua vigae, yaani vipande vyembamba sana vya fuwele. Fuwele na mkanda wa gundi vinatosha, kama walivyofanya Geim na Novoselov kwa grafini mwaka 2004. Bandika, kunja, fungua, rudia mara chache, kisha ugandamize mkanda juu ya kipande cha silikoni chenye oksidi ya unene wa nanomita 285 au 90. CrSBr huvumilia hewa vizuri kuliko CrI3, sumaku nyingine ya matabaka, ambayo ikiachwa wazi huharibika upesi, kwa hiyo unaweza kutafuta vigae kwa hadubini ya kawaida bila kukimbizana na saa.

Vigae vya CrSBr hutoka virefu kama vijiti, na umbo hilo ni ramani. Urefu ni mhimili a wa fuwele, upana ni mhimili b, na spini hulala kando ya b. Piga picha na uchore mshale wa b juu yake kabla ya kusogeza chochote. Mimi niliwahi kupoteza wiki nzima kwa kutofanya hivyo. Niliweka kigae kikiwa kimegeuka nyuzi 90, nikaongeza uga polepole, na badala ya mstari wa mwanga kuruka ghafla, nikauona ukiteremka taratibu. Nikaamini sampuli imeharibika, nikaitupa. Sampuli haikuwa na tatizo. Niliweka uga kando ya a, na huko spini haziruki, zinainama kidogo kidogo mpaka zilingane na uga. Kwa fuwele nene iliyopozwa, kulingana huko hukamilika karibu na tesla 1 kando ya a, na karibu na tesla 2 kando ya c, yaani wima. Kigae cha matabaka mawili hufika mapema zaidi, kwa kuwa kila tabaka lina jirani mmoja tu wa kulizuia.

Kuhesabu matabaka kunataka hadubini ya nguvu za atomu. Kila tabaka ni kama nanomita 0.8, lakini usiamini ngazi ya kwanza kutoka kwenye silikoni, kwa sababu maji na hewa vilivyonaswa chini ya kigae huiongeza. Pima ngazi iliyo kati ya tabaka na tabaka. Ukipata kigae chenye sehemu ya tabaka moja iliyoshikana na sehemu ya matabaka mawili, kitunze kuliko vyote. Sehemu ya tabaka moja haina jirani, kwa hiyo mwanga wake haupaswi kuhama, na hapo ndipo utakapokuwa na ushahidi wako wa kulinganishia.

Poza hadi karibu kelvini 4. Kabla ya kuwasha sumaku ondoa vyuma vyote mezani, na hakikisha chumba kinapitisha hewa, maana heliamu inayopozea ikivuja inachukua nafasi ya oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya.

Ili kigae kitoe mwanga, kimulike kwa leza; ya nanomita 633 inafaa, na nguvu ibaki kwenye makumi ya mikrowati. Kinachotoka utakikuta karibu na nanomita 925, na karibu chote kimelala kando ya b, yaani mwanga huo unatikisika kwa kufuata mhimili huo. Zungusha polaraiza, kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu: mwanga ukiwa mkali zaidi, umeipata b kwa njia ya pili, na ikitofautiana na mshale wa picha yako, simama na utafute kosa. Kitu kingine kwenye urefu huo wa wimbi: baadhi ya kamera za silikoni huchora mawimbi ya uongo juu ya spektra, kwa kuwa mwanga hurudi-rudi ndani ya kipokezi chembamba. Piga spektra ya taa nyeupe kwanza ili uyatambue.

Sasa pitisha uga kando ya b, kutoka tesla −0.5 hadi +0.5, kwa hatua za militesla 10, kisha urudi. Kwenye uga mdogo mstari utatulia mahali pamoja, halafu utaruka ghafla kwenda upande wa wekundu, yaani wa nishati ndogo zaidi. Milielektronivolti 15, kwa mfano, ni sawa na nanomita 10 hivi, na spektromita ya kawaida inaliona hilo bila shida. Sehemu ya mruko inaweza kutofautiana kidogo ukipanda na ukishuka. Kila baada ya hatua chache hakiki kwamba doa la leza bado liko palepale, kwa sababu sumaku huweza kuvuta sehemu za kishikio na kukupeleka kwenye unene mwingine bila wewe kujua.

Ukiupata mruko, usifunge daftari. Punguza nguvu ya leza nusu na urudie, kwani leza inayopasha kigae joto huhamisha mistari pia. Hamia kwenye tabaka moja na urudie. Mwisho pandisha joto. Mpangilio wa spini katika fuwele nene huvunjika kwenye kelvini 132, hivyo nenda hadi 160 na upitishe uga uleule. Mruko utakuwa umetoweka. Shusha tena hadi 4, na uungoje urudi.