Somo: Kununua Nyumba Iliyokwisha Kujengwa Dar es Salaam, Hatua kwa Hatua

Ndugu wanachama,

Somo hili linamhusu mtu anayetaka kununua nyumba ambayo tayari imesimama, iwe Mbagala, Tabata, Goba au Kigamboni. Anayenunua kiwanja kitupu ana somo lake. Mfuatano wa hatua una uzito kuliko hatua zenyewe, kwa sababu hasara nyingi huwapata watu waliojua la kufanya, wakalifanya baada ya fedha kutoka. Upekuzi, yaani kukagua kumbukumbu rasmi za umiliki, unaofanyika wiki moja baada ya malipo hauna msaada wowote kwa mnunuzi.

Hatua ya kwanza: Rudi eneo la nyumba bila dalali

Dalali ana kazi yake, na wapo waaminifu, lakini atakupitisha njia iliyo nzuri kwa saa iliyo nzuri. Rudi mwenyewe asubuhi ya siku ya kazi, rudi tena usiku, na ukiweza nenda mvua inaponyesha. Mvua za masika, zinazonyesha kati ya Machi na Mei, hukagua nyumba kwa undani kuliko fundi yeyote, tena bila malipo.

Ukiwa hapo, tazama kwanza nyumba za jirani, maana ile inayouzwa imeshapakwa rangi. Je, milangoni kuna vizingiti vilivyoinuliwa kwa tofali moja au mawili ya ziada, kiasi kwamba mtu analazimika kuvuka ndipo aingie sebuleni? Je, ukutani kuna mstari wa tope uliokauka, na uzio wa jirani umetobolewa matundu chini ili maji yapite? Hakuna anayejenga kizingiti cha namna hiyo kwa urembo. Watu wengi huifikiria Jangwani na Kigogo pekee linapotajwa suala la mafuriko, ilhali mito midogo kama Mlalakuwa, Ng'ombe na Tegeta nayo huingia majumbani. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe, kwa hiyo nyumba iliyo karibu na korongo ina tatizo la kisheria hata kama haijawahi kuingia maji.

Zungumza na majirani, na hasa wapangaji wa muda mrefu, muuza genge na mama lishe wa kona. Waulize nyumba ni ya nani, kama kuna kesi au ugomvi wa ndugu, maji ya mvua hufika wapi, na kama kuna watu wanaotapisha vyoo, yaani kuachia majitaka yatiririke nje, mvua ikinyesha. Wengi huona aibu kuuliza swali hili la mwisho, lakini ndilo litakalokuathiri kila mwaka.

Kama nyumba iko kando ya barabara kuu, uliza pia kuhusu hifadhi ya barabara. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi hiyo kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na ziko sehemu zenye upana mkubwa zaidi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu hiyo, na baadhi yake zilikuwa za ghorofa. Alama ya X, inayochorwa kwenye nyumba inayotakiwa kubomolewa, hata ikifunikwa kwa rangi mpya bado ni alama ya X.

Hatua ya pili: Hakikisha muuzaji ana haki ya kuuza

Omba kuona hati halisi pamoja na kitambulisho cha taifa cha mwenye jina lililomo kwenye hati. Nakala haitoshi, na maelezo kwamba hati “iko kwa wakili” au “iko benki” yana maana moja tu kwako, kwamba huna budi kwenda kwa huyo wakili au kwenye hiyo benki. Hati iliyoko benki mara nyingi inashikilia mkopo.

Muuzaji mwenye mume au mke lazima alete ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe bila ridhaa hiyo, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja wao tu. Muuzaji akisema hana ndoa, mwombe aape kiapo mbele ya wakili, kisha usiache kuwauliza wale majirani.

Penye matatizo mengi zaidi ni nyumba za marehemu. Mtoto wa kwanza, hata akiwa ndiye anayekaa na funguo, hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Ikiwa shauri lilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, uthibitisho wake ni Fomu Namba IV. Ichukue namba ya shauri uende nayo mahakamani kuhakikisha kwamba uteuzi haujatenguliwa na kwamba hakuna pingamizi. Pia kutana na warithi wote na uwaombe watie saini ya kuridhia mauzo. Sheria inampa msimamizi mamlaka, lakini mrithi aliyepunjwa ndiye atakayekupeleka mahakamani, nawe utatumia miaka kadhaa na fedha za wakili kutetea nyumba uliyokwisha kuilipia.

Hatua ya tatu: Upekuzi na mipaka

Kwa nyumba yenye hati miliki, wakili wako aombe upekuzi rasmi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Majibu ya maandishi yataonyesha jina la mmiliki, muda wa umiliki, ambao huwa ni miaka 33, 66 au 99, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama. Angalia muda uliobaki, kwa kuwa ardhi yote nchini ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa muda huo. Hakikisha pia kodi ya pango la ardhi imelipwa.

Kisha tafuta mpima ardhi mwenye usajili aje na ramani ya kiwanja, atafute bikoni zote, yaani alama za mipaka zilizozikwa kwenye kona za kiwanja, na kusoma namba zake. Kazi hii wengi huiruka kwa sababu uzio upo na unaonekana. Uzio ni ukuta tu. Wapo waliojenga uzio ndani ya kiwanja cha jirani au juu ya njia ya wapita kwa miguu, na mnunuzi ndiye anayebomoa. Pia nenda halmashauri, uliza mchoro wa mipango miji unaonyesha matumizi gani mahali hapo, kwani baadhi ya nyumba zimesimama kwenye eneo la wazi.

Hatua ya nne: Kagua jengo

Nenda na fundi wako, si fundi aliyejenga. Anzeni nje, mzunguke nyumba nzima kabla ya kuingia.

Ukuta wa Dar es Salaam huharibiwa zaidi na chumvi na unyevu unaopanda kutoka ardhini. Piga magoti, upitishe kiganja chini ya usawa wa dirisha: rangi iliyofura kama malengelenge, unga mweupe unaobaki vidoleni, na plasta inayotoa sauti ya uwazi unapoigonga kwa kifundo cha kidole, zote ni dalili za tatizo hilo. Chanzo huwa ni mchanga wenye chumvi uliotumika kwenye matofali na plasta, au kuta zilizoinuliwa juu ya msingi bila kutandaza nailoni ya kuzuia unyevu. Kuta zilizopakwa rangi mpya kwa sehemu ya chini peke yake, au zilizobandikwa vigae hadi kiunoni katika chumba kisicho bafu, zinaficha jambo.

Nyufa nyembamba za plasta si za kutisha. Ufa wa kushtukia ni ule unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au unaotoka kwenye kona ya dirisha na kupanuka kadiri unavyokwenda juu, kwani huashiria kwamba msingi umetitia. Katika nyumba zilizo karibu na bahari, tazama pia nguzo, lenta na sakafu za ghorofa: ufa ulionyooka sambamba na nondo, wenye madoa ya kutu, maana yake ni kwamba nondo imeanza kuliwa na inalisukuma zege litoke.

Mwombe fundi apande juu ya dari akague kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, kama zina mchwa na bati kama limetoboka. Madoa ya mviringo kwenye jipsamu yanatosha kukuonyesha panapovuja. Fungua mabomba yote kwa pamoja, kisha mwaga ndoo mbili za maji chooni mfululizo na usikilize yanavyoondoka. Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao wa majitaka, kwa hiyo uliza shimo liko wapi, limejengwa ukubwa gani, na kama gari la kunyonya linaweza kulifikia. Nyumba nzuri iliyo mwisho wa uchochoro wa pikipiki itakupa taabu siku shimo likijaa.

Hatua ya tano: Mkataba na malipo

Mkataba wa mauziano uwe wa maandishi, na uandaliwe na wakili wako mwenyewe. Kumtumia wakili mmoja kwa pande zote mbili kunapunguza gharama, lakini sikushauri. Mkataba utaje namba ya kiwanja na kitalu, bei, awamu za malipo, tarehe ya kukabidhi nyumba, nani analipa kodi ipi, na fedha zitarejeshwaje mauzo yakikwama.

Lipa kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Awamu ya kwanza itoke baada ya upekuzi kujibiwa, na sehemu ya maana ibaki mpaka fomu za uhamisho ziwe zimesainiwa na hati halisi iko mikononi mwa wakili wako. Muuzaji anayekuharakisha kwa madai kwamba kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho, mwache ampokee huyo wa kesho.

Hatua ya sita: Uhamisho wa umiliki

Wakili atajaza Fomu za Ardhi Namba 29, 30 na 35, na mthamini mwenye usajili ataandaa taarifa itakayoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Muuzaji hulipa Mamlaka ya Mapato (TRA) kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kiwango chake cha kawaida kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, nawe utalipia ushuru wa stempu na ada za usajili. Usikubali kuandika bei ya chini kwenye mkataba ili kodi ipungue. Mgogoro ukitokea, bei utakayoweza kuidai ni ile iliyoandikwa.

Mwisho, badilisha jina kwenye akaunti ya maji ya DAWASA na mita ya umeme, na uhakikishe hakuna deni. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mbezi Luis: Mwalimu, shikamoo. Nyumba niliyoipenda haina hati, ina mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Mwenyekiti ameniambia muhuri unatosha. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Muhuri huo unathibitisha kwamba mauziano yalishuhudiwa. Hauhamishi umiliki uliosajiliwa, kwa sababu nyumba hiyo haina umiliki wa namna hiyo. Usiikatae nyumba kwa hilo pekee, kwani sehemu kubwa ya jiji imejengwa hivyo. Omba mnyororo wote wa mikataba, kuanzia aliyekuwa na shamba hadi huyu anayekuuzia, uwapate majirani wa pande zote wakuonyeshe mipaka na kutia saini, kisha uliza manispaa ya Ubungo kama eneo limo kwenye urasimishaji, yaani mpango wa kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila kupimwa, na kama kiwanja hicho kimeshapewa namba. Kikiwa na namba, hakikisha imeandikwa kwa jina la nani.

Swali, kutoka Manzese: Muuzaji wangu ana leseni ya makazi. Inatofautianaje na hati?

Jibu: Leseni ya makazi hutolewa na halmashauri kwa makazi yasiyopangwa, na kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 muda wake ni mfupi, ingawa inaweza kuhuishwa. Angalia kwanza kama haijaisha muda. Kisha ithibitishe kwenye halmashauri iliyoitoa, kwa sababu Msajili wa Hati hatakuwa na kumbukumbu zote zake.

Swali, kutoka Ukonga: Ninanunua nyumba yenye wapangaji wanne waliolipa kodi ya mwaka mzima. Mwenye nyumba anasema nikishalipa niwatoe tu.

Jibu: Ndugu yangu, mkataba wa pango haufi kwa sababu nyumba imebadilisha mmiliki. Chukua nakala za mikataba yao, ukae na kila mpangaji akiwapo muuzaji, mkubaliane ni miezi mingapi imebaki. Kodi ya miezi hiyo ni yako, hivyo ikatwe kwenye bei. Kama unataka nyumba ikiwa tupu, liandikwe kwenye mkataba kuwa ni jukumu la muuzaji kuwarejeshea fedha na kukukabidhi nyumba isiyo na mtu, na awamu ya mwisho isubiri siku hiyo.

Swali, kutoka Kunduchi: Fundi ameniambia chumvi ya ukutani itaisha nikipaka rangi ya mafuta. Je, nimwamini?

Jibu: Rangi ya mafuta itaufungia unyevu ndani, na chumvi itatokea juu zaidi ya ilipokuwa. Plasta iliyoharibika ibanduliwe hadi kwenye tofali, ukuta usafishwe na uachwe ukauke vizuri, ndipo ipigwe plasta mpya ya mchanga safi yenye dawa ya kuzuia maji. Hata hivyo, kama msingi hauna nailoni, tatizo litarudi baada ya muda, kwa hiyo gharama hiyo ijadili na muuzaji sasa, ukiwa bado una nafasi ya kupunguziwa bei.

Swali, kutoka Temeke: Nimeshalipa nusu, na sasa nasikia mwenye nyumba anaonyesha watu wengine. Nifanye nini, mwalimu?

Jibu: Dada, nenda kwa wakili leo. Kama nyumba imesajiliwa, mnunuzi mwenye mkataba anaweza kuomba kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili uhamisho kwa mtu mwingine usifanyike kimyakimya. Beba mkataba na stakabadhi za benki. Kama ulilipa taslimu, kusanya walioshuhudia waandike maelezo yao mapema, na usilipe shilingi nyingine mpaka wakili amekujibu.