Somo: Siku tatu kwa baiskeli ya mbio Vaucluse, Ufaransa, kwa kuufuata upepo

Wakuu, wengi mnaniuliza njia ya kupanda mlima wa Mont Ventoux mkiwa mmeshaamua kuanzia kijiji cha Bédoin, kwa kuwa ndiko waendeshaji wa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, wanakopandia mara nyingi. Mimi nashauri vingine. Mara yangu ya kwanza nilianzia Bédoin, asubuhi ya jua zuri kabisa. Nilifika Chalet Reynard, mkahawa ulio njiani kilomita 6 kabla ya kilele, nikageuza. Upepo ulikuwa unaitupa baiskeli pembeni hata nilipokuwa nimeshuka na kuishika kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo naupangia upepo kwanza, mlima baadaye, na somo hili limepangwa hivyo.

Upepo wenyewe unaitwa mistral. Unatoka kaskazini, unashuka bonde la mto Rhône hadi bahari ya Mediterania, na unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo anga likiwa halina hata wingu. Watu wa pwani msiufikirie kaskazi wetu. Huu ni mkavu na una baridi inayopenya nguo. Mwaka 2016 waandaaji wa Tour waliondoa mwisho wa mbio kileleni wakaushusha Chalet Reynard kwa sababu yake. Ndiyo siku ile mwendeshaji Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipogongana na pikipiki katikati ya msongamano wa watazamaji, akaiacha baiskeli yake na kupanda mlima kwa miguu akikimbia.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mwisho wa Mei hadi Juni, au Septemba. Julai maua ya lavenda ya mji wa Sault yamechanua na mashamba yote ni zambarau, lakini joto bondeni ni kali na magari ni mengi. Majira ya baridi barabara ya kileleni hufungwa kwa theluji.

Hatua ya 2: Fika Carpentras

Treni ya kasi kutoka Paris, kituo cha Gare de Lyon, hadi Avignon ni kama saa 2 na dakika 40. Fungua magurudumu, tia baiskeli ndani ya begi lake, itahesabika kama mzigo wako. Kutoka Avignon kuna treni ndogo ya mkoa hadi Carpentras. Hapo unaunga baiskeli na safari inaanza.

Hatua ya 3: Soma namba za barabara

Ufaransa barabara za mkoa zina herufi D na namba, na kibao chake ni cha njano. Usidhani namba kubwa ni barabara ndogo; si kanuni. Ninachofanya ni kutazama ramani: barabara zilizochorwa nyeupe ndizo za vijijini, na ndizo zetu. Ukiona kibao cha "Route barrée", barabara imefungwa mbele. Usijipe matumaini kwamba baiskeli itapita. Na kwenye vijiji ambako njia panda haina kibao wala mstari, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama anatoka kichochoroni. Hili limewaangusha wageni wengi.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, korongo la Nesque

Carpentras, Mazan, Villes-sur-Auzon, kisha Sault. Ni kilomita 40 na kidogo. Hadi Mazan kuna magari, vumilia. Baada ya Villes-sur-Auzon barabara ya D942 inaingia Gorges de la Nesque, na kuanzia hapo ninaomba usiharakishe. Barabara imechongwa ubavuni mwa genge, inapita kwenye vihandaki vifupi vya mwamba, na mto uko chini sana hata sauti yake huisikii. Mwinuko ni mdogo, unapanda huku unazungumza na mwenzako. Kuta za korongo zinakukinga na mistral kwa sehemu kubwa, na hiyo ndiyo sababu ya kuiweka siku ya kwanza, miguu ikiwa bado inazoea.

Simama Castellaras, mita 734 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya korongo unatazamana na Rocher du Cire, jabali tupu lililosimama wima. Kutoka hapo unateremka kidogo hadi Monieux, halafu unapanda kuingia Sault, mji mdogo ulioketi juu ya mwamba. Lala hapo. Jaza chupa zote mbili za maji kabla ya Villes-sur-Auzon, maana ndani ya korongo hakuna duka.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Ventoux kwa upande wa Sault

Kabla ya kulala tazama utabiri wa upepo wa kileleni, si wa mjini. Ukiwa mkali, baki Sault siku hiyo, zunguka mashamba. Mlima hauondoki.

Kukiwa kutulivu, toka saa 1 asubuhi. Kutoka Sault hadi kilele ni kilomita 26. Kilomita 20 za mwanzo ni za mwinuko wa upole, kwanza mashambani, kisha msituni. Kutoka Bédoin ni kilomita 21, lakini ndani yake kuna zaidi ya kilomita 9 za msitu mkali, wastani wa asilimia 9, yaani kila mita 100 unapanda mita 9, bila pa kupumzika. Mlima ni uleule na kilele ni kilekile; mwili wako utafika Chalet Reynard ukiwa tofauti kabisa.

Baada ya Chalet Reynard miti inaisha. Yanabaki mawe meupe ya chokaa, barabara, na mnara ulio kileleni ambao unauona muda wote na haukaribii. Hapa ndipo penye kazi. Kanyaga taratibu kuliko unavyotaka. Kama kilomita moja na nusu kabla ya kilele, kulia kwako, kuna jiwe la kumbukumbu ya Tom Simpson, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1965. Alianguka pale Julai 13, 1967, kwenye joto kali, maji yamemwishia mwilini na dawa za kusisimua zikiwa kwenye damu. Alikuwa na miaka 29. Waendeshaji huacha chupa na kofia pale. Mimi kila nikipita husimama.

Kilele ni karibu mita 1,910. Huko kunaweza kuwa na baridi kwa nyuzi 10 zaidi ya bondeni, na wewe una jasho. Vaa koti la upepo kabla ya kuanza kushuka. Teremka upande wa kaskazini hadi Malaucène, kilomita 21. Mteremko ni mrefu na wa kasi. Bana breki, achia, bana tena, usizishikilie mfululizo. Lala Malaucène.

Hatua ya 6: Siku ya tatu, nyumbani na upepo mgongoni

Malaucène, Suzette, Beaumes-de-Venise, Carpentras. Ni fupi, kama kilomita 30. Unapanda barabara ya D90 hadi kijiji cha Suzette ukiwa na Dentelles de Montmirail kando yako, majabali yaliyochongoka kama meno ya msumeno, na mizabibu chini yake. Baada ya hapo unaelekea kusini. Mistral ikivuma leo, inakusukuma.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Shikamoo kaka. Mimi nina baiskeli ya mbio ya kizamani, gia ndogo ya mbele ina meno 39. Itatosha? Na mazoezi ya mlima nifanyie wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwa 39 utateseka kilomita 6 za mwisho. Tafuta ya meno 34 mbele, na nyuma gia kubwa yenye meno 32 au zaidi. Mazoezi unayo jirani: Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 hivi za kupanda. Ukiweza kuipanda bila kusimama, na kesho yake ukaamka unatembea vizuri, Sault utaiweza. Uwe makini na mabasi kwenye kona.

Swali (Muscat): Assalamu alaikum. Chakula cha halali vijijini kinapatikana? Na maji?

Jibu: Waalaikum salaam. Carpentras kuna bucha za halali kwa sababu ya familia nyingi zenye asili ya Moroko. Nunua hapo, maana huko juu usitegemee. Vijijini utaishi kwa mkate, jibini, mayai, matunda na samaki. Angalia saa: mikahawa mingi hupika mchana kuanzia saa 6 hadi saa 8 tu, na maduka mengi ya mikate hufunga siku moja ya juma. Maji yapo kwenye chemchemi za vijijini. Ukisoma "eau potable" kunywa, "eau non potable" acha.

Swali (Nairobi): Nasafiri peke yangu, mimi ni mwanamke. Madereva wakoje? Sheria nazo?

Jibu: Dada, kwa madereva utapumua. Nje ya miji sheria inamtaka dereva akupite kwa umbali wa mita 1.5, na wengi wanaitii. Wewe usivae visikilizio masikioni, faini ni euro 135. Usiku nje ya mji, au ukungu ukishuka, kizibao cha kung'aa ni lazima pamoja na taa. Kwa usalama wako mwenyewe, mwambie mwenye nyumba unayolala unapita njia gani na utarudi saa ngapi. Kwenye korongo simu hupotea mtandao, kwa hiyo beba tyubu mbili na pampu, na ujifunze kuziba pancha nyumbani kabla hujaondoka. Dharura piga 112.

Swali (Mombasa): Na kama siku zote tatu upepo unavuma?

Jibu: Basi ruka kilele. Kutoka Sault rudi kwa korongo lilelile hadi Villes-sur-Auzon, ambalo ukiliteremka utaliona kwa jicho jingine, kisha lala Bédoin. Kesho yake vuka kipito cha mlimani cha Col de la Madeleine, mita 448 tu juu ya usawa wa bahari, hadi Malaucène, na uendelee na siku ya tatu kama nilivyoandika.